Makande ya Tume

Palikuwa na nchi, na kwa taarifa nilizonazo bado ipo, ambayo jina lake sitalitaja. Si kwa woga. Jina hilo lilikuwa limepelekwa bungeni likabadilishwe, na wabunge walikuwa hawajakubaliana lipi zuri zaidi kati ya majina mawili yaliyopendekezwa na Rais. Nikilitaja la zamani nitaonekana napinga, nikilitaja jipya nitaonekana najipendekeza. Tuliache.

Ilikuwa nchi ya kawaida. Ilikuwa na mvua mara nyingine, barabara mara nyingine, na Rais wakati wote.

Uchaguzi wa nchi hiyo ulifanywa kwa punje. Mwasisi wa taifa hakuiamini karatasi. Alisema karatasi hukubali chochote kinachoandikwa juu yake, kama mtu asiye na msimamo, lakini punje ni kazi ya Mungu na hakuna mpiga chapa awezaye kuighushi. Basi kila mgombea alijichagulia mbegu yake. Mpiga kura alipewa punje moja ya kila mgombea, akaingia nyuma ya pazia, akatumbukiza aitakayo ndani ya debe, na nyingine akamrudishia karani. Nimeutafakari sana utaratibu huu. Una sifa nyingi, na kasoro yake ni moja tu, nayo si ya kisheria: punje huliwa.

Mwaka ule wagombea walikuwa wawili. Rais Ngwandumi, aliyekuwa akigombea muhula wake wa mwisho kwa mara ya tatu, alichukua mahindi. Mpinzani wake, Bwana Kalembo, daktari mstaafu wa mifugo, alichukua maharage. Kampeni zilikwenda kwa amani. Hata waliopigwa walipigwa kwa amani. Matokeo yalipotoka, nchi nzima, mahindi yaliyashinda maharage kwa punje kumi na moja.

Rais alisema huo ni ushindi wa kishindo, kwa kuwa kumi na moja ndiyo idadi ya wachezaji wa timu ya mpira, na palepale jukwaani akaahidi kujenga Uwanja wa Ushindi, wenye viti vingi kuliko watu wa nchi ile. Mahali pa kuujenga palikwisha kuchaguliwa. Ni bonde la Kiyungi.

*

Bondeni Kiyungi kulikuwa na chemchemi isiyokauka, na chini ya chemchemi majaruba ya mpunga. Jaruba moja lilikuwa la Bi Sikudhani Mkwaya, mjane aliyesomesha watoto wake wote kwa mpunga huo. Katika mchoro wa uwanja, jaruba lake lilikuwa ndipo mahali pa goli la kaskazini. Mhandisi alimweleza hivyo kwa heshima kubwa, kana kwamba anampa pongezi.

Tingatinga likaletwa. Lilikuwa linaendeshwa na Bwana Lusekelo, mtu mzima mwenye kitambi kidogo na upole mwingi. Bapa lake la chuma lilikuwa limeshainuliwa juu ya tuta la Bi Sikudhani pale mjumbe wa mahakama alipofika mbio, akihema, na amri mkononi. Bwana Kalembo alikuwa amekata rufaa. Mahakama ilikuwa imeagiza kura zihesabiwe upya mpaka pande zote mbili ziridhike, na kwamba mpaka hapo hakuna jiwe litakaloinuliwa wala udongo utakaochimbwa kwa jina la ushindi wowote.

Lusekelo alizima mashine. Hakuwa na amri ya kusonga mbele wala ya kurudi nyuma, hivyo akakaa.

"Jaruba lako limekaa vizuri, Mama," alisema, ili kusema kitu.

"Limekaa vizuri, ndiyo maana mmelifuata."

"Mimi simo, Mama. Mimi ni kama ufunguo tu. Wakinizungusha, nazunguka."

"Basi ufunguo, njoo unywe uji."

Akashuka akanywa uji. Kuanzia siku ile Bi Sikudhani alikuwa akimpelekea uji kila asubuhi, na kanga zake akawa anazianika juu ya lile bapa, kwa sababu lilikuwa linashika joto vizuri.

Kura zote za nchi zilikuwa zimehifadhiwa katika Ghala la Taifa, ambalo lilikuwa palepale mdomoni mwa bonde. Tume ya Kuhesabu Upya ilipotangaza kwamba inatafuta mpishi, Bi Sikudhani alikwenda kuomba kazi.

"Unajua kupika?" aliulizwa.

"Najua. Lakini kilichonileta ni kwamba nilipiga harage. Nataka nikae karibu nalo."

Alikuwa na imani. Alimwambia Lusekelo kwamba kuhesabu ni kuhesabu tu, hakuna namna mbili: watu wazima wakikaa wakahesabu kwa haki, itaonekana maharage yalikuwa mengi, Bwana Kalembo ataapishwa, na tingatinga litarudi lilikotoka. Lusekelo alisema hiyo ingekuwa nafuu, kwa kuwa hata yeye alikuwa ameanza kumkumbuka mkewe.

*

Mwenyekiti wa Tume alikuwa Jaji mstaafu Kisusange, mtu aliyesifika kwa kutopendelea. Alikuwa hapendelei kiasi kwamba alipoulizwa na mhudumu kama atakunywa chai au kahawa, aliahirisha. Kulia kwake alikaa Wakala wa Mahindi, aliyekuwa mkubwa na mwenye sauti. Kushoto alikaa Wakala wa Maharage, mwembamba, aliyekuwa na desturi ya kucheka kabla ya kupinga. Mbele yao, kwenye mikeka mirefu, wahesabuji.

Punje ya kwanza iliyoinuliwa ilikuwa harage, na lilikuwa na tundu.

"Pingamizi," alisema Wakala wa Mahindi. "Hili limebunguliwa. Hilo si harage, ni ganda la harage."

Wakala wa Maharage akacheka. "Ndugu yangu, mpiga kura alipolitumbukiza lilikuwa zima. Dumuzi kaingia baadaye."

"Una hakika gani? Pengine alitumbukiza na dumuzi wake."

"Sasa dumuzi akiwemo ndani inakuwaje? Kura inakuwa na nyama?"

"Inakuwa na mpiga kura wa pili! Watu wawili katika harage moja! Mheshimiwa Jaji, huu ndio wizi tuliokuwa tukiusema."

Jaji Kisusange alifumba macho kwa muda mrefu. Kisha akaunda Kamati Ndogo ya Wadudu. Kamati ilisafiri nchi tatu kujifunza, na iliporudi ikatoa uamuzi kwamba punje iliyotobolewa ihesabiwe, lakini kwa masikitiko, na kwamba dumuzi atakayekutwa ndani atolewe nje ya ukumbi bila kuulizwa alikuwa upande gani.

Likafuata suala la vipande. Nusu punje ya mahindi ikitokea, Wakala wa Mahindi alitaka nusu nyingine itafutwe. Ikipatikana, Wakala wa Maharage alikuwa akiziweka pamoja, anazikodolea macho, anasema nusu hizi si za mama mmoja. Likafuata suala la rangi. Iliinuliwa punje ya mahindi yenye wekundu ubavuni, na Wakala wa Maharage akaidai.

"Huoni umbo lake?" alifoka mwenzake. "Hili ni hindi!"

"Umbo ni la kuzaliwa. Rangi ndiyo msimamo."

Waangalizi kutoka nje waliandika kwamba mjadala ulikuwa wa hali ya juu.

*

Nisije nikaeleweka vibaya: Tume ilijitahidi mno kutenda haki. Nadhani hata ilizidisha kidogo, na ilizidishia upande wa jikoni.

Siku ya kwanza Bi Sikudhani alipika ugali na maharage. Sahani hazijapoa, malalamiko yalikuwa mezani. Wakala wa Maharage alidai kwamba ugali umewekwa kama mlima na maharage kama mtaro pembeni yake, na kwamba hiyo ni kampeni. Wakala wa Mahindi alijibu kwamba amewaona kwa macho yake wahesabuji wawili wakiongeza maharage huku wakitabasamu. Siku ya pili ukapikwa wali. Pande zote mbili zikasema wali ni njama ya kuleta mgombea wa tatu.

Jaji Kisusange alimwita mpishi.

"Bi Sikudhani, Tume imeamua. Kuanzia leo watumishi wote wa Tume watakula makande. Mahindi na maharage katika chungu kimoja, yakichemka pamoja, kama taifa. Kisado kimoja cha mahindi kwa kisado kimoja cha maharage. Kisizidi, kisipungue."

"Kisado kwa kisado, Mheshimiwa?"

"Kisado kwa kisado."

"Mheshimiwa, samahani. Makande, mahindi huwa mengi. Maharage yakilingana na mahindi, watu watajaa upepo."

"Haki ina gharama zake, Mama."

Gharama zilianza kusikika jioni ileile. Ukumbi ukafunguliwa madirisha yote, na wahesabuji wakapangwa kwa nafasi. Lakini hakuna aliyelalamika kuhusu upendeleo, na Jaji alisema kwamba kwa mara ya kwanza anasikia sauti moja kutoka pande zote.

*

Hesabu ya kwanza ilipokamilika, Wakala wa Maharage hakuridhika. Ikarudiwa. Ya pili, pia hakuridhika. Ikarudiwa. Chakula kilichonunuliwa kikaisha, na Hazina ikajibu kwamba haina fungu la makande.

Mtunza ghala akaenda kwa Jaji. Akamkumbusha kwamba wamekalia ghala, na ghala limejaa mahindi na maharage mpaka darini.

"Hizo ni kura, bwana," alisema Jaji.

"Ni kura, Mheshimiwa. Lakini ziko ambazo zimeshahesabiwa mara tatu. Hizo sasa zinangoja nini?"

Jaji alifumba macho. Alipoyafumbua alikuwa na hoja, nami nitaiandika kama ilivyosemwa, kwa sababu mimi binafsi sijaweza kuijibu. Alisema: shahidi akishatoa ushahidi huruhusiwa kwenda. Kura iliyohesabiwa imeshatoa ushahidi wake. Na kwa kuwa zitatolewa kisado kwa kisado, kila mgombea atapungukiwa sawa na mwenzake, hivyo tofauti yao itabaki ileile. Mawakala wote wawili walikuwa na njaa, nao wakakubali.

Ndivyo Tume ilivyoanza kula kilichokuwa mbele yake.

Ila lilikuwapo jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelitazama. Mahindi ya nchi ile yalikuwa punje ndogondogo, na maharage yake makubwa, ya kujaza kinywa. Kisado cha mahindi kilibeba punje nyingi kuliko kisado cha maharage. Kila chungu kilichopanda mekoni, Rais alikuwa anapoteza wapiga kura wengi kuliko mpinzani wake. Hesabu iliyofuata ilipotoka, kumi na moja zake zilikuwa zimekwisha, na Bwana Kalembo alikuwa anaongoza.

Wakala wa Mahindi alipiga meza. "Tunaibiwa! Tunaliwa! Natangaza kwamba kipimo cha kisado ni cha kikoloni. Haki ni punje kwa punje!"

Wakala wa Maharage, ambaye tangu mwanzo ndiye aliyekuwa akidai hesabu irudiwe, alicheka kwanza. "Mheshimiwa Jaji, sisi tumeridhika. Kisado ni kipimo cha babu zetu. Makande ni nguzo ya demokrasia. Tunaomba hesabu ifungwe leo."

"Na sisi tunaomba iendelee," alisema Wakala wa Mahindi, "na vyungu vitatu vijavyo viwe vya maharage matupu, kufidia."

"Maharage matupu! Huyu anataka kutuua kwa upepo!"

"Nyinyi si ndio mnaoyapenda?"

Hivyo waliokuwa wakitaka kuhesabu wakawa hawataki, na waliokuwa hawataki wakawa wanadai kwa machozi. Hotuba hazikubadilika hata neno. Walibadilishana tu viti.

*

Sasa macho ya nchi nzima yakageukia jikoni. Yeyote atakayejaza kisado kwa kilima au kwa kukifuta juu ndiye aliyekuwa anaamua Rais. Bi Sikudhani alianza kupata wageni.

Wa kwanza alikuwa Rais mwenyewe. Alikuja na msafara, akavua miwani, akaonja makande mbele ya wapiga picha, akasema kwamba hajawahi kula chakula chenye uzalendo kama kile. Kisha akawaondoa wapiga picha.

"Mama yangu, nakuona unavyopima. Mkono wako mzuri. Upande wa maharage, jaza mpaka kimwagike. Upande wa mahindi, huna haja ya kujaza."

"Mheshimiwa, nina swali moja. Jaruba langu?"

"Lipi?"

"La Kiyungi. Lililoinamiwa na tingatinga."

Uso wa Rais uling'aa. "Kumbe ni lako! Hongera sana. Hapo litakuwa goli la kaskazini. Nitaagiza jina lako liandikwe kwenye mwamba wa goli."

Aliondoka, na vumbi la msafara lilikuwa halijatua alipoingia Bwana Kalembo. Huyu alikuja kwa miguu, kwa unyenyekevu, na msaidizi mmoja wa kuwaonyesha watu kwamba anatembea kwa miguu.

"Mama Sikudhani. Wewe ni wetu. Nimesikia ulipiga harage."

"Nilipiga, baba. Na mama mkwe wangu pia. Nilimbeba mgongoni mpaka kituoni, macho yake yalikuwa hayaoni, alilipapasa harage kwa vidole ndipo akalitumbukiza."

Bwana Kalembo aliguswa. Alitoa leso. "Basi usibadilishe kitu. Kisado kwa kisado, hivihivi, siku chache tu, na ushindi ni wa watu wa Kiyungi."

"Na tingatinga litaondoka?"

Alikunja leso taratibu. "Tingatinga, Mama, limeshalipiwa. Mkataba umesainiwa, na serikali ni mwendelezo. Lakini nakuhakikishia jambo moja: hatutauita Uwanja wa Ushindi. Tutauita Uwanja wa Haki. Na viti vitakuwa pungufu kidogo."

Bi Sikudhani alimkaribisha makande. Akala, akaongeza, akaenda zake.

Sijui mpishi yule aliwaza nini baada ya hapo. Siwezi kudai kwamba niliuona moyo wake, na yeye hakumwambia mtu. Ninachoweza kusema ni kile kilichoonekana na wote. Alivitazama vyungu alivyokuwa navyo, akaona vidogo. Akaazima pipa.

*

Kuanzia hapo Bi Sikudhani alipika kwa moyo mkunjufu. Alipima kisado kwa kisado, akifuta juu kwa ubao mbele ya mashahidi, hapendelei yeyote. Ila alipima mara nyingi. Askari wa lindo waliokuwa wakija na mikate yao aliwaambia ni aibu, wakae wale. Waangalizi kutoka nje, ambao kanuni zao zilikataza kula, walikumbushwa kwamba huwezi kuangalia kitu usichokionja. Waandishi wa habari walikula. Wafuasi wa mahindi walioandamana mlangoni walikula, na wafuasi wa maharage walioandamana kuwapinga waliletewa sahani kubwa zaidi, ili kusiwe na manung'uniko. Watu wa Kiyungi wote walikula, wakapelekea na wagonjwa.

Wakala wa Mahindi alijaribu kugoma kula. Alidumu mpaka harufu ya vitunguu ilipomfikia.

"Huyu mama anatumaliza," alimwambia mwenzake, kijiko kikiwa mdomoni.

"Anatumaliza sawa kwa sawa," alisema Wakala wa Maharage. "Nipitishie chumvi."

Lusekelo naye alikuwa anakuja kula. Alimtazama Bi Sikudhani akikoroga pipa kwa mwiko mrefu kama kasia.

"Mama, unapika sana siku hizi."

"Wageni wamekuwa wengi, mwanangu."

"Hao wageni si umewaita mwenyewe?"

"Kula, chakula kinapoa."

Gunia la mwisho lilikuwa la kituo cha Kiyungi. Mtunza ghala alilileta mgongoni, akalitua, akasema halina mwenzake, baada ya hili ni sakafu. Bi Sikudhani alilifungua, akatumbukiza mkono mpaka kiwikoni, akaacha humo. Mahali fulani kati ya vidole vyake palikuwa na harage lake, na harage la mama mkwe wake, ambaye alikuwa amefariki wakati Kamati Ndogo ya Wadudu ikiwa bado safarini. Hakuna awezaye kulijua harage moja kati ya maharage. Mtunza ghala alidhani anakagua kama yana mawe.

Kisha akatoa mkono, akachochea kuni, akalimimina gunia.

*

Asubuhi yake wahesabuji walikaa kwenye mikeka yao wakijilamba vidole, na mbele yao hapakuwa na kitu. Walihesabu. Jaji Kisusange aliwataka warudie, wakarudia. Matokeo yalikuwa yaleyale mara zote mbili, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu Tume iundwe.

"Mahindi," alisoma Jaji, na sauti yake ilitetemeka kwa fahari, "sifuri. Maharage, sifuri. Kura zilizoharibika, hakuna."

Wakala wa Mahindi alifikiri. "Hatukushindwa," alisema.

Wakala wa Maharage alicheka, kisha kwa mara ya kwanza hakupinga. "Wala sisi hatukushindwa."

Wakakumbatiana. Waangalizi kutoka nje walitoa tamko kwamba hawajawahi kuona hesabu iliyokuwa wazi kiasi kile: mtu angeweza kuiona yote kwa kutupa jicho mara moja.

Hapo ndipo Bi Sikudhani alipotoka jikoni akasimama mlangoni, mikono ikiwa ndani ya kanga, kwa kuwa pande zote mbili zilikuwa zimeridhika, na amri ya mahakama ilisema mpaka pande zote mbili ziridhike. Kule bondeni Lusekelo alikuwa ameshaambiwa apande kwenye mashine. Alipanda. Alizitoa kanga kwenye bapa moja moja, akazikunja vizuri, akaziweka kitini pembeni yake.

Jaji akageuza ukurasa wa katiba. "Wagombea wakifungana," alisoma, "uchaguzi utarudiwa. Aliyepo madarakani ataendelea kwa muda. Hakuna atakayehesabiwa kuwa mshindi, na hakuna kitakachofanyika kwa jina la ushindi, mpaka kura mpya zipigwe."

"Zipigwe kwa punje zipi?" aliuliza mtunza ghala.

Ghalani palikuwa na vumbi. Mvua za mwaka ule zilikuwa zimekwenda nchi jirani. Ziliulizwa wilaya zote, na zote zikajibu kwamba zina wapiga kura lakini hazina punje. Ardhi pekee yenye maji ya kuotesha kura ilikuwa chini ya chemchemi ya Kiyungi.

Nchi jirani, ile iliyochukua mvua, ilitoa msaada wa mbegu, za kutosha kupanda tu. Bonde lilitangazwa kuwa Shamba la Taifa la Uchaguzi, na ilikuwa jinai kulikanyaga kwa mguu wa mtu asiyehusika, sembuse kwa tingatinga. Msimamizi akateuliwa yule ambaye pande zote mbili zilikubali kwamba hana upendeleo, kwa kuwa amewalisha sawa. Bi Sikudhani alipanda mstari wa mahindi, mstari wa maharage, mstari wa mahindi, mstari wa maharage. Mpunga aliupanda kwenye kona ya chini, ambako Tume haikuwa na habari nako, kwa sababu mpunga haukuwa na mgombea.

*

Sheria inasema kura ni punje kavu. Basi mahindi yalipoanza kubeba, Tume nzima ilikuja kukagua, Jaji mbele, mawakala nyuma, wajumbe wa Rais na wa Bwana Kalembo wakifuatia.

"Bi Sikudhani," alisema Jaji, "uchaguzi umekauka?"

Alimenya hindi moja, akalibonyeza kwa ukucha. Maziwa yakaruka.

"Bado, Mheshimiwa. Bado mbichi. Lakini yanachomeka."

Wakatazamana. Walikuwa wametoka mbali. Jiko la mkaa lilikuwa limeshakokwa, kwa bahati, na pembeni yake sufuria ya maharage mabichi ya nazi ilikuwa imefunikwa. Wakala wa Mahindi alisema itakuwa vyema Tume ipate sampuli. Wakala wa Maharage alisema sampuli moja haitoshi kisayansi. Walikaa mpaka jua likapoa. Ripoti yao iliandika kwamba maandalizi ya uchaguzi yanakwenda vizuri, na kwamba ukaguzi mwingine unahitajika haraka.

Walikuja tena. Wakaja na wake zao. Msimu uliofuata walikuja na wageni wa kimataifa. Kila mara waliuliza kama umekauka, kila mara waliambiwa bado kidogo, na kila mara mashina yalibaki yamesimama shambani bila kitu, kama waangalizi. Nchi inaendelea kuwa tulivu. Rais anaendelea kwa muda. Bwana Kalembo anaendelea kukaribia.

Lusekelo hakurudishwa, waliomtuma wamemsahau. Alimleta mkewe, wakajenga kando ya tingatinga. Siku moja, msafara wa Tume ukiwa unaonekana kwa vumbi kule juu barabarani, alichutama karibu na Bi Sikudhani aliyekuwa akipepea mkaa.

"Mama, mimi kuna jambo linaninyima raha. Siku moja hawa watu watakuja wameshiba. Wataangalia mahindi, watasema hatuli leo, yaacheni yakauke. Hapo itakuwaje?"

Bi Sikudhani aliligeuza hindi upande wa pili.

"Lusekelo mwanangu," alisema, "umewahi kuwaona wameshiba?"